Nilivyojipatia Kwetu Pwani

Jumatano, 6 Agosti

Nimefika. Bahari nimeiona kwa macho yangu, mara ya kwanza maishani, na hapa pasipo msomaji niseme kweli: ni kubwa kuliko nilivyokuwa nikiwasimulia watu. Mimi nilikuwa nasema ng'ambo inaonekana kwa mbali hivi. Kumbe hakuna ng'ambo. Nitarekebisha.

Safari yenyewe ina sababu. Mchumba wangu alipoingia dukani kwetu kutazama makochi, alisema anapenda sana bahari. Mimi, muuza makochi mwenye akili zake, nikamwambia nimezaliwa nikiitazama. Kochi hakununua, ila namba yake ya simu aliacha. Tangu siku hiyo mimi ni mtoto wa pwani, tena wa mji huu huu wa kale wenye ngome, vichochoro na milango mizito. Kwetu hasa ni mji mdogo wa bara, nyuma ya gereji, ambako mama yangu anauza rangi za nyumba. Sasa nani amewahi kumbembeleza msichana kwa rangi za nyumba?

Tatizo ni babake. Ni mkaguzi wa shule mstaafu, na kustaafu hakukumwingia. Amesema haozi binti yake kwa mtu ambaye hajapaona kwao. Hataki kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Keshokutwa anakuja na mkewe, na Mchumba, na binamu yake Mchumba ambaye wanamwita Papa kwa jinsi anavyoogelea. Huyo Papa hanipendi. Alishaniuliza mbele ya watu mbona mtoto wa pwani natembea mchangani kama nakanyaga makaa.

Wakipaona kwetu na kuridhika, tarehe ya harusi inatajwa hapo hapo. Wasiporidhika, posa yangu inarudi ilikotoka. Kwa hiyo nina leo na kesho kujitafutia kwetu.

Nilianza na mlinzi wa ngome. Ana mvi za heshima na kofia inayomkaa vizuri. Nikamwomba kwa adabu zote awe baba yangu mdogo mpaka Jumatatu. Akaniuliza kama nina tiketi. Nikatoka, nikapotea vichochoroni mpaka paka wa kwenye kizingiti kimoja akachoka kunitazama nikipita. Na hapo hapo, nilipoinua macho, nikaona juu ya paa mashuka meupe tele, na katikati yake mwanamke mnene akiufokea upepo. Nyumba ya ghorofa. Kuta nene. Ngazi zimelika kwa miguu ya vizazi. Nikajiambia, hapa ndipo nilipozaliwa.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimepata shangazi. Penye nia pana njia.

Ni dobi. Anafua mashuka ya nyumba za wageni za mtaa mzima. Mjane, watoto wake wameolewa mbali, na sauti yake inafika mlangoni kabla yake. Nilimweleza shida yangu yote bila kuficha, nikidhani atanifukuza kwa fagio. Hakunifukuza. Alinikagua mabega kama mtu anayenunua punda, akauliza kama naweza kupanda ngazi na beseni kichwani. Tukakubaliana: yeye ni shangazi yangu, dada wa baba, na mimi nabeba mashuka mabichi mpaka paani hadi wakwe waondoke.

Nimebeba. Shuka likiwa bichi ni mzigo wa watu wawili. Mgongo wangu umezoea kukalia makochi kuwaonyesha wateja yanavyokalika, haukuzoea haya. Nilipopumzika kidogo ngazini Shangazi aliniita mvivu mbele ya fundi cherehani wa jirani. Nikamnong'oneza kwamba bado hatujaanza kuigiza. Akasema ushangazi hauigizwi, ni kazi ya kutwa, na beseni lingine linanisubiri.

Lakini mambo ni mazuri kuliko nilivyopanga. Nilikuwa nimemwomba afiche siri. Ameificha sana: fundi cherehani ameambiwa mimi ni mtoto wa kaka yake aliyehamia bara, nimerudi. Fundi akaacha mashine, akanikumbatia, akasema ananikumbuka vizuri, ndiye mimi niliyemvunjia kioo cha taa kwa mpira. Nikamwomba radhi. Akanisamehe huku machozi yanamlengalenga. Mpaka wakati wa chai mtaa wote ulikuwa umeshakuja kunipa mkono. Kinyozi ananikumbuka. Muuza samaki ananikumbuka, tena anasema nimenenepa. Watu wa hapa naona hawakubali mtoto wa jirani arudi halafu wao waseme hawamjui. Kwao hiyo ni aibu kubwa. Basi nimepata mashahidi bila hata kuwatafuta. Mkaguzi na aje.

Ijumaa, 8 Agosti

Wamekuja. Mkaguzi kavaa suti ya safari na kofia ya jua. Mama Mkwe kachoka na basi. Mchumba kaiona bahari akanishika mkono, akasema sasa anaelewa kwa nini macho yangu yametulia hivi. Nikayatuliza zaidi.

Nikawatembeza. Mimi ndiye mwenyeji, sasa ningefanya nini? Mbele ya ngome kuna mizinga ya zamani imeelekezwa baharini. Mkaguzi akauliza ilikuwa ya kumpiga nani. Nikasema ilikuwa ya kuwaita wavuvi chakula kikiiva. Akasema kumbe walikuwa wanakula kwa mshindo. Mlinzi wa ngome alinikazia macho safari nzima. Nikawaambia wakwe ni baba yangu mdogo, tumegombana mambo ya urithi, tusimsalimie.

Halafu nikawapoteza. Si sana. Tulizunguka vichochoro mpaka Mama Mkwe akavua viatu, na Papa, kwa sauti ya mtu aliyefurahi, akauliza kama kwetu kumehama. Nikajibu kwamba mtoto wa mji huu hapiti njia ya mkato na wageni, ni kuwakosea heshima. Yule paka alipotutazama kwa mara nyingine, Mchumba akaniuliza polepole kama tumepotea. Nikacheka. Kisha nikausikia mdomo wa Shangazi ukiufokea upepo tena huko juu, nikaufuata, tukafika.

Alitupokea vizuri mno. Alimshika Mama Mkwe mikono yote miwili, akamwambia karibu kwa mwanao. Aliponigeukia mimi akaanza kulia machozi hasa, akisema nimefanana na baba yangu mpaka anaogopa. Nilijisikia vibaya kidogo, kisha nikajisikia vizuri sana. Mkaguzi alivua kofia. Akasema mbele ya wote kwamba nyumba yenye ngazi zilizolika hivi haidanganyi.

Papa peke yake ndiye ambaye hakuguswa. Alipendekeza kesho asubuhi sote tukaoge baharini. Nikasema sikio linanisumbua. Akauliza lipi. Nikashika la kulia, halafu baadaye mezani nikasahau nikashika la kushoto.

Jumamosi, 9 Agosti

Ama kweli kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini mimi nimefungwa na mtaa mzima.

Habari imeenea kwamba mtoto kaja na wakwe. Basi watu wa hapa wakaona ni wajibu wao kuwaeleza wakwe mimi ni nani. Asubuhi sebule ya Shangazi ilijaa. Fundi cherehani alianza na kioo cha taa. Sawa, utoto huo. Muuza samaki akafuata, akasema nilimwibia jogoo, nikamfuga juu ya paa, akawika, nikakana mpaka jogoo mwenyewe akaniumbua. Watu wakacheka sana. Mkaguzi hakucheka. Kinyozi akasema nilikuwa naogopa mkasi, na mpaka nimekuwa mkubwa nilinyolewa nimeshikiliwa na watu. Mchumba akanitazama kichwa.

Nilijaribu kupunguza makali. Nikasema labda alikuwa mtoto mwingine. Wakanigeukia wote na sura za masikitiko, mmoja akasema bara imemfundisha kusahau. Nilijikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe, na Shangazi alikuwa akipitisha maandazi.

Hayo yote ningeyameza. Lakini baada ya chakula cha mchana akaingia bibi mmoja msusi wa vikapu, mkono mmoja kashika mkongojo, mkono mwingine kamshika mjukuu wake, muuguzi, bado kavaa sare ya hospitali. Bibi akakaa. Akapumzika. Kisha akamwambia Mkaguzi, kwa upole wa mtu anayetoa habari ya mvua, kwamba mimi nimeshaposewa mke. Marehemu baba yangu alipeana mkono na marehemu mwanawe, kwenye kizingiti hicho hicho, sisi tukiwa watoto. Mjukuu wake alitakiwa kuolewa nami, na yeye kama bibi bado yuko tayari.

Muuguzi akanitazama juu mpaka chini. Akasema alikuwa ananikumbuka mrefu zaidi.

Nikamgeukia Shangazi aniokoe. Shangazi akajishika kidevu, akasema kweli, kulikuwa na jambo kama hilo. Kama hilo! Huyu mama nimejuana naye juzi!

Mchumba aliinuka, akaenda kusimama dirishani akitazama mashuka. Nilipomfuata akaniambia jogoo angesamehe, mkasi angesamehe, lakini binti wa watu kumsubirisha miaka yote hiyo na mimi niko dukani nakalia makochi, hapana. Mimi nampenda huyu msichana, nampenda mpaka nimejizaa upya kwa ajili yake, na sasa nimejizaa na mke. Nimekosa hata hamu ya kula.

Mkaguzi ameitisha kikao kesho. Amesema atataka maelezo yaliyonyooka.

Jumapili, 10 Agosti

Yameisha, na sitaki hata kuandika yalivyokuwa, lakini naandika.

Nilipanga vizuri. Niliona dawa ya uongo uliozidi ni ukweli mchache. Kikao kilipokaa, wakwe upande huu na mtaa upande ule, nikasimama. Nikasema mimi si wa hapa. Nikasema kwetu ni bara, nyuma ya gereji, mama yangu anauza rangi, na bahari nimeiona kwa mara ya kwanza Jumatano. Nikasema Shangazi si shangazi, ni dobi aliyenihurumia. Nikakaa. Nilijisikia mwepesi.

Hakuna aliyeamini. Hata mmoja! Mtaa uliguna wote kwa pamoja. Muuza samaki akasema hivyo hivyo ndivyo nilivyokana jogoo. Fundi cherehani akajifuta machozi. Na Mkaguzi akainuka polepole, akasema kwamba amekagua shule nyingi na ameona watoro wa kila aina, lakini hajaona mtu anayewakana ndugu zake huku wamekaa mbele yake, tena baada ya kula maandazi yao. Akasema mkataa kwao mtumwa. Akasema mtu anayemkana shangazi leo, kesho atamkana mke.

Nikapiga magoti mbele ya Shangazi aseme kweli. Akanipapasa kichwa. Akasema damu haikataliki, mwanangu, na mashuka ya Jumatatu bado. Hapo nikajua maji yamenifika shingoni.

Aliyeniokoa ni Papa, na hakukusudia. Alisema jambo hili halina haja ya mashahidi: hakuna mtoto aliyekulia mji huu asijue kuogelea. Nitiwe majini. Mtaa ukakubali kwa furaha kwa kuwa wanajua mtoto wao ataogelea. Mimi nikakubali kwa furaha zaidi kwa kuwa najua nitazama. Sijawahi kwenda kushindwa kitu kwa moyo mkunjufu namna ile.

Tukaenda ufukweni, kikao kizima, bibi wa vikapu akibebewa kiti. Nikaingia na suruali. Nikatembea. Maji yakafika vifundoni. Nikatembea tena, yakafika magotini, nikatembea zaidi, bado magotini. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba bahari huwa inarudi nyuma na kuacha maji kidogo. Nyuma yangu nikasikia mtaa unashangilia, mwenda mbali bila hofu, mtoto wa bahari huyo! Nikajaribu kuzama kwa nguvu. Nikalala chali, mgongo ukagusa mchanga, pua ikabaki nje. Wakapiga makofi, wakasema naelea vizuri mno. Nilitamani kulia.

Nikainuka nikakimbia mbele kwa hasira, na hapo chini pakakosekana.

Sikumbuki mengi. Nakumbuka chumvi. Nakumbuka nilisema kitu na maji yakajibu. Kisha mkono ukanishika ukosi na mwingine ukanishika mkanda. Wa mkanda ulikuwa wa Papa. Wa ukosi ulikuwa wa Mchumba, aliyekuwa ameingia na gauni lake na viatu na mkoba begani, na alifika kabla ya Papa.

Tulipofika mchangani nikatapika bahari yote niliyoisifia. Mchumba alikuwa akilikamua gauni lake. Akawageukia wote akasema basi, huyu hajui, amesema kweli, kwao ni nyuma ya gereji. Kisha akaniambia mimi, akilia na kucheka, kwamba bahari anaweza kuifikia kwa basi siku yoyote, yeye alikuwa anataka muuza makochi. Akanipiga kofi dogo la bega. Nililipenda lile kofi.

Bibi wa vikapu akasema basi, posa ya mjukuu wake imevunjika, hawezi kumwozesha kwa mtu anayezama maji ya watoto. Muuguzi alinipima mapigo, akasema nitapona, akawahi zamu yake. Mtaa ulishauriana kidogo. Wakaafikiana kwamba mimi ni wao, ila nilikuwa mwoga tangu mdogo, ndiyo maana sikujifunza. Mpaka sasa hawajabadili msimamo.

Mkaguzi hakunitazama mpaka jioni.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimebeba mashuka. Hakuna aliyenilazimisha, nilijikuta tu nina beseni kichwani. Papa alibeba la pili. Tulipofika paani akasema mtu anayezama kwa hiari ili asimpoteze msichana, huyo anaweza kumvumilia kwenye ukoo. Nikamwambia ahsante. Hatukusema zaidi, mashuka yalikuwa mengi.

Nilimwuliza Shangazi kwa nini alinitia motoni vile. Alikuwa ananyoosha mashuka kwa pasi, hakuinua macho. Akasema mtu akija mlangoni kwake akaomba undugu, yeye hampi wa siku tatu, hana undugu wa aina hiyo. Ameshanipa, nikae nao. Akaongeza kwamba hata hivyo nyonga yake inauma na ngazi ni nyingi. Akanipa shuka moja jeupe, zawadi ya harusi, kama itakuwepo.

Itakuwepo. Mkaguzi ameniita baada ya chai. Amesema jana nilisema kweli nikiwa sina msaada wowote, na kwamba hilo analihesabu. Tarehe itatajwa siku watakapopaona kwetu kwenyewe, na kumsalimia mama yangu. Lakini akiokota uongo mmoja tu, hata wa ukubwa wa punje ya mchele, tumemalizana, na wala asinione tena getini kwake. Mama Mkwe akatikisa kichwa kukubali.

Mchumba alinichukua pembeni. Hakucheka hata kidogo. Akasema alipoona kichwa changu kinapotea majini ndipo alipojua asivyoweza kuishi bila kichwa hicho, na kwa hiyo nisikichezee tena. Akataka nimwahidi. Nikamwahidi. Sijawahi kuahidi kitu kwa moyo safi namna ile, na ninaandika hapa ili nisisahau: uongo basi. Nimekoma.

Jumanne, 12 Agosti

Ndani ya basi, tunarudi. Mtaa ulitusindikiza mpaka stendi. Hata mlinzi wa ngome alinipungia mkono, naona naye ameanza kunikumbuka.

Mkaguzi alikaa karibu nami. Akauliza mama yangu anafanya kazi gani. Nikasema anauza rangi. Akasema ni kazi nzuri. Akauliza kama kwetu panakalika. Nikasema vyumba viwili, gereji mbele, ukuta mmoja tumeupaka rangi zote zilizobaki kwenye makopo. Akacheka, akasema anapenda mtu anayesema mambo yalivyo. Nilifurahi mno. Ukweli ni mtamu jamani, sikujua. Mchumba alinifinya kidole.

Kisha Mama Mkwe akasema, kwa kutuonea huruma tu, kwamba maskini, hata bustani hakuna. Akanitazama. Mkaguzi akanitazama. Kukawa na kimya fulani cha kusikitisha, kimya ambacho hakikuwa na haja ya kuwepo, na mimi siwezi kuwaona wazee wanahuzunika. Nikasema bustani hakuna, ila kuna nyuki.

Nilisema nyuki tu. Sikutia chumvi. Ni Mkaguzi ndiye aliyegeuka na kiti chake chote, akaniambia tangu astaafu ndoto yake ni kufuga nyuki, na mbona nilikuwa nimekaa kimya muda wote huo. Akauliza mizinga iko mingapi. Nikasema ya kutosha. Akauliza nani anaitunza. Nikasema mimi mwenyewe, nikienda likizo, bila hata kuvaa wavu, wananijua. Wanakuja kwetu Jumamosi ijayo, na yeye anakuja na mavazi yake ya kurinia asali.

Mchumba amelala begani kwangu, hakusikia. Sikutaka kumsumbua usingizi.

Basi liliposimama watu wajinyooshe, nikamwona mama mmoja anauza asali kwenye chupa. Nikamwuliza pembeni kama anaweza kuniazima nyuki kwa siku moja, wasiwe wakali. Akaniambia nyuki hawaazimwi, na asiyewazoea watamuua. Huyo mama anajua asali, mipango hajui. Nimechukua namba yake.